Kisigino Kinachochoma Ukishuka Kitandani: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Kazi yangu ni fiziotherapia, na katika watu wanaoingia mlangoni kwetu wakichechemea, wenye maumivu ya kisigino hawakosekani hata wiki moja. Wengi wamezunguka sana kabla ya kufika: duka la dawa, mtu wa kukanda, eksirei, sindano, kopo la vidonge vya kalisiamu. Maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa nao, mguu ukiwa mkononi.

Kwa nini kinauma zaidi hatua za kwanza za asubuhi, halafu nikitembea kidogo kinapoa?

Chini ya wayo kuna ukanda mgumu, mweupe, usiovutika sana. Unaanzia kwenye mfupa wa kisigino, upande wa ndani, na kutandaa hadi kwenye vidole. Ndio unaoshikilia uvungu wa wayo usibonyee. Kaa, shika kidole gumba cha mguu ukivute juu, kisha pitisha kidole cha mkono chini ya wayo: utauhisi umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Mwaka 1954 daktari mmoja wa Uingereza, Hicks, aliufananisha na winchi inayovuta kamba: kila unapopiga hatua vidole hupinda, ukanda hujiviringa kwenye vichwa vya mifupa ya vidole, na uvungu wa mguu hunyanyuka. Kwa hiyo ukanda huu unafanya kazi kila hatua, maelfu ya mara kwa siku.

Ukielemewa, panapoanza kulalamika ni pale unapojishikiza kisiginoni. Ukilala, nyayo huelekea chini kama za mtu anayeogelea, na ukanda pamoja na misuli ya shavu la mguu hukaa vimejikunja usiku kucha. Unaposhuka kitandani unaunyoosha ghafla huku uzito wako wote uko juu yake. Ndipo unapohisi kama umekanyaga msumari. Ukishatembea kidogo hulegea, lakini jioni, baada ya kusimama kutwa, maumivu yanarudi. Ni hivyo hivyo ukikaa saa mbili kwenye gari kisha ukashuka kituoni.

Kwenye cheti daktari huandika plantafasiitisi. Takribani mtu mmoja kati ya 10 huipata wakati fulani wa maisha yake, hasa kati ya miaka 40 na 60.

Nitajuaje kama ni hiyo na si ugonjwa mwingine?

Mahali panapouma panasema mengi. Bonyeza kwa kidole gumba cha mkono, taratibu, upande wa ndani wa kisigino kwa chini, pale uvungu unapoanzia. Kama hapo ndipo unaporuka, na maumivu ni ya hatua za kwanza, basi mara nyingi ni ukanda wa wayo, wala huhitaji kipimo chochote ili kuanza tiba.

Panapouma ni katikati kabisa ya kisigino, na unajisikia kama unatembea kwenye mfupa mtupu, hasa sakafu ikiwa ya vigae? Huenda ule mto wa mafuta ulio chini ya kisigino umepungua. Hutokea kwa wazee, na kwa waliochomwa sindano nyingi mahali hapo. Huyu anahitaji mto laini ndani ya kiatu kuliko mazoezi ya kunyoosha.

Shika kisigino kwa viganja viwili, kulia na kushoto, ukiminye. Mtu mzima akipata maumivu makali kwa kuminywa hivyo, na alianza kukimbia au kutembea mwendo mrefu hivi karibuni, nashuku mfupa umepata ufa mdogo. Hapo kipimo kinahitajika, na mguu unahitaji kupumzishwa kwelikweli. Maumivu yanayochoma kama moto, yenye ganzi au kama sisimizi wanatembea, yanaelekea kwenye neva. Visigino vyote viwili kwa kijana wa chini ya miaka 40, ambaye pia mgongo unakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, ni dalili ya ugonjwa wa uvimbe wa viungo. Huyo namtuma kwa daktari hata kabla ya kumfundisha zoezi.

Eksirei imeonyesha mfupa umeota kisiginoni. Si lazima ukatwe?

Hapana. Swali hili linaniuma kwa sababu nimewaona watu wakikosa usingizi kwa picha moja tu ya eksirei. Wanaona kile kijimwiba cha mfupa na kuamini kwamba kila hatua kinawachoma nyama. Ukweli ni kwamba watu wengi wana mwiba huo na hawajawahi kuumwa kisigino maishani, na wengine wanaumwa vibaya na picha zao ni safi. Mwiba hauelekei chini kama msumari uliotoboa soli. Umelala, ukitazama mbele kuelekea vidole. Ni alama ya mvutano wa miaka mingi. Tunawatibu wenye mwiba na wasio nao kwa njia moja, wanapona sawasawa, na mwiba unabaki palepale kwenye picha.

Nimeambiwa ni nyama nyekundu, au nimepungukiwa kalisiamu.

Wanaotaja nyama wanafikiria jongo. Jongo, ugonjwa unaoletwa na asidi ya yuriki, kwa kawaida huanza ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kiungo cha kidole gumba cha mguu: kinavimba, kinakuwa chekundu na cha moto, hata shuka likikigusa unalia. Maumivu ya kisigino yanayokuja polepole na kukushika asubuhi si picha hiyo. Kuacha nyama hakutakuponya.

Kuhusu kalisiamu, mwiba wa kisigino haukuota kwa sababu unayo nyingi, wala maumivu hayaji kwa sababu unayo kidogo. Kunywa maziwa kama unayapenda. Pesa ya vidonge hivyo ningeomba uitumie kununua viatu.

Kwa nini mimi?

Alikuja mama mmoja anayepika na kuuza chakula karibu na stendi ya mabasi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, huu mguu umenishinda." Anaamka saa kumi alfajiri, anasonga ugali, anakaanga samaki, anapakua, na mpaka saa kumi jioni yuko wima kwenye sakafu ya saruji. Nikamwomba ndala zake. Zilikuwa zimelika kisiginoni mpaka unene wa karatasi, za kulia zaidi. Nikamwuliza ilianza lini. Akafikiri, akasema ni tangu yule binti aliyekuwa akimsaidia aolewe na kuondoka.

Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta. Miguu ilikuwa imezoea kazi ya kiasi fulani, na ghafla akaongeza kazi ya mtu wa pili. Kisigino hakidai mengi, ila hakipendi kuongezewa mzigo kwa kushtukizwa. Mwalimu aliyerudi darasani baada ya likizo ndefu, mlinzi aliyehamishiwa lindo la kusimama, kijana aliyejiunga na kikundi cha kukimbia na wiki ya kwanza tu akakimbia kilomita 10 mara tatu, wote wana hadithi moja.

Mengine yanayochangia ni uzito mkubwa wa mwili, misuli ya shavu la mguu iliyokakamaa hadi wayo hauwezi kupinda vizuri kuja juu, wayo bapa au wenye uvungu wa juu sana, na viatu vilivyokwisha. Uzito nautaja kwa uangalifu, kwa sababu wagonjwa wangu wengi wanene wameshasemwa vya kutosha. Ukipungua hata kilo chache, kisigino kinapata nafuu. Lakini tiba haingoji upungue, inaanza leo.

Nifanye mazoezi gani hasa?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye tiba. Dawa na viatu vinakupa nafasi ya kupumua, ila kinachourudishia ukanda nguvu zake ni kazi unayoupa kwa kipimo.

La kwanza lifanye kabla hujakanyaga chini asubuhi. Kaa ukingoni mwa kitanda, weka mguu unaouma juu ya goti la mwenzake. Shika vidole vyote vitano kwenye mashina yake, uvivute kuelekea mundi wa mguu mpaka uhisi uvungu wa wayo umekaza. Kwa mkono mwingine gusa ule ukanda. Kama haujawa kama kamba, hujavuta vya kutosha. Hesabu polepole hadi 10, achia. Rudia mara 10. Asubuhi, mchana, na kila unapokaribia kusimama baada ya kukaa muda mrefu, angalau mara tatu kwa siku. Kama tumbo au goti halikuruhusu kufikia vidole, kunja kanga iwe ukanda, ipitishe chini ya vidole, shika ncha mbili, uvute. Kina mama wazee wanaipenda njia hii.

La pili ni la ukutani. Simama ukitazama ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimekanyaga chini, vidole vikitazama mbele moja kwa moja. Egemea ukuta mpaka shavu la mguu livutike. Sekunde 30, mara tatu. Kisha fanya tena hivyo hivyo ukiwa umelikunja goti la nyuma kidogo. Utahisi mvutano umeshuka chini karibu na kifundo. Watu wengi husahau hili la goti lililokunjwa.

La tatu ni la nguvu, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Tafuta ngazi au kizingiti imara penye kitu cha kushika. Viringisha taulo dogo, liweke chini ya vidole vya mguu unaouma ili vidole vibaki vimepinda juu. Simama kwa mguu huo, panda kwa vidole ukihesabu sekunde tatu, baki juu sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Mara 12, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu. Usifanye kila siku. Fanya leo, kesho pumzika, keshokutwa rudia. Ukishindwa kwa mguu mmoja, anza na miwili. Baada ya wiki mbili, ongeza uzito kidogo: vaa begi la mgongoni lenye vitabu au mfuko wa unga wa kilo mbili, ushuke hadi mara 10 kwa mizunguko minne. Wiki mbili nyingine, uzito zaidi, mara 8 kwa mizunguko mitano. Zoezi lenyewe linatokana na utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2014. Baada ya miezi mitatu, waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu. Baada ya mwaka mzima makundi yote mawili yalikuwa yamefika mahali pamoja. Yaani zoezi hili linafupisha njia, na kwa mtu anayetafuta riziki kwa miguu, miezi michache si kitu kidogo.

Je, litauma? Ndiyo, kidogo. Nawaambia wagonjwa wayape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Yakibaki 4 au chini wakati wa zoezi, na kesho asubuhi hayajazidi ya jana, endelea. Yakizidi, punguza idadi au uzito, usiache.

Itachukua muda gani?

Miezi. Najua si jibu ulilolitaka. Wengi wao, 8 hadi 9 kati ya 10, hupona bila upasuaji, lakini kwa baadhi hufika hata mwaka. Nafuu inayoeleweka huonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na inakuja kwa kupanda na kushuka: siku tatu nzuri, moja mbaya. Andika kwenye kalenda ya ukutani alama ya maumivu ya kila asubuhi. Mtu akiangalia siku moja moja hukata tamaa, akiangalia mwezi anaona mstari unashuka.

Niache kutembea na kukimbia?

Kulala kitandani hakusaidii. Ukanda unazidi kudhoofika. Punguza tu kile kinachouchokoza. Anayekimbia apunguze umbali karibu nusu, aache vilima na kasi kwa muda, atafute njia ya udongo badala ya lami, na siku zilizobaki aendeshe baiskeli au aogelee. Anayesimama kazini atafute kigoda. Yule mama wa stendi tulimwambia akate mboga na kuchambua mchele akiwa amekaa, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria kwa miaka kumi na mitano.

Nikikaa tahiyatu vidole vinapinda na wayo unavutika sana. Je, najiumiza?

Swali hili naulizwa sana na wazee wetu wa pwani, nao huliuliza kwa kunong'ona. Ule mguu wa kulia uliosimamishwa, vidole vikielekea kibla, unauvuta ukanda namna ileile ya zoezi la kwanza. Kama maumivu ni ya wastani na yanaisha ukiinuka, haudhuru, huenda hata unakusaidia. Kama ni makali, ulaze wayo badala ya kuusimamisha, au tumia kiti mpaka upate nafuu. Utaratibu wa kisheria mwulize sheikh wako. Kwa upande wa mguu, ushauri wangu ni kufanya zoezi la vidole kabla ya sala ya alfajiri, maana hapo ndipo umetoka kitandani moja kwa moja.

Nivae viatu gani?

Anza na ndani ya nyumba. Sisi tunavua viatu mlangoni, na nyumba nyingi siku hizi zina vigae; miguu inatoka kwenye soli laini kwenda juu ya jiwe. Tenga ndala nene, safi, za ndani peke yake, uziweke kando ya kitanda mahali ambapo miguu yako inashukia. Hatua ya kwanza ya siku isiwe ya mguu mtupu.

Kwa nje, raba ya kawaida yenye soli nene na kisigino kilichonyanyuka kidogo inatosha. Ukienda mitumbani, fanya majaribio matatu kabla ya kutoa pesa. Kiweke kiatu mezani, kitazame kwa nyuma: kama kimeinama upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza ameshakimaliza. Kikunje: kinapaswa kupinda kwenye vidole, si katikati. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe ngumu kiasi, isibonyee kama soksi. Kandambili zilizolika, yeboyebo bapa na viatu vya ofisini vyenye soli nyembamba vipumzishe kwa miezi hii.

Mito ya kuweka ndani ya kiatu husaidia, na ile ya kawaida ya dukani imeonekana kufanya kazi sawa na ile ya gharama kubwa inayotengenezwa kwa vipimo vya mguu wako. Usikope kwa ajili hiyo.

Barafu au maji ya moto? Na dawa za maumivu?

Gandisha chupa ndogo ya maji, ifunge kitambaa, iviringishe chini ya wayo jioni kwa dakika 5 hadi 10. Maji ya uvuguvugu ni mazuri kwa shavu la mguu kabla ya mazoezi. Wapo wanaokanyaga tofali lililopashwa moto. Tafadhali usifanye hivyo. Moto hauufikii ukanda kwa namna ya kuutibu, unachofikia ni ngozi.

Diklofenaki na ibuprofeni zinapunguza maumivu kwa siku chache, hazitibu chanzo. Zimeze baada ya chakula, kwa muda mfupi, na usizitumie bila kumwuliza daktari kama una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, ugonjwa wa figo au ujauzito. Nimekutana na watu waliozimeza kwa miezi sita mfululizo kwa ajili ya kisigino. Tumbo na figo vinalipa gharama hiyo kimyakimya.

Naambiwa sindano moja tu ya kisigino nitapona.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, inaweza kukuondolea maumivu kwa wiki chache, pengine mwezi na zaidi kidogo. Baada ya hapo wengi wanarudi walipokuwa. Ikirudiwarudiwa inaweza kuudhoofisha ukanda hadi ukachanika, na kuyeyusha ule mto wa mafuta ambao hauoti tena. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda kwa siku kadhaa. Siipingi kabisa: kuna mtu ambaye maumivu yamemzuia hata kuanza mazoezi, na sindano moja, ikichomwa na daktari anayejua mahali pake, inamfungulia mlango. Lakini ile nafuu ni nafasi ya kufanya mazoezi. Mtu akiichukulia kama kupona na kurudi kusimama saa 12, tutaonana tena.

Na yale mawimbi ya mshtuko? Upasuaji?

Mashine ya mawimbi, inayopiga kisigino kwa mawimbi ya sauti yenye nguvu, ipo katika baadhi ya hospitali kubwa na inafaa kwa maumivu sugu yaliyopita miezi sita licha ya mazoezi mazuri. Upasuaji ni wa wachache sana, baada ya karibu mwaka wa kujaribu yote.

Mwanangu ana miaka 11, akitoka kucheza mpira anatembea kwa vidole. Ni nini?

Kati ya miaka 8 na 14, mfupa wa kisigino una sehemu ya nyuma ambayo bado inakua, laini kuliko mfupa wenyewe, na ukano mnene wa kisigino umejishikiza hapo. Mtoto anayerefuka haraka, anayecheza kila siku, pekupeku, kwenye kiwanja kigumu cha kiangazi, huivuta sehemu hiyo mpaka inauma. Daktari Mmarekani James Sever aliieleza hali hii mwaka 1912. Haiachi ulemavu, na huisha mfupa ukikomaa. Punguza siku za mpira, usimkataze kabisa, mpe raba yenye mto kisiginoni. Mtoto aliyeambiwa "hutacheza tena" hukuficha maumivu.

Ila mtoto anayechechemea huku ana homa, au kisigino kimevimba na kina moto, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye selimundu hata usingoje jioni, kwa sababu maambukizi ya mfupa huwapata kwa urahisi. Na mtazame wayo kwa macho: maeneo yenye funza, kisigino kinachouma cha mtoto mdogo kinaweza kuwa ni funza tu.

Mimi kinauma nyuma, juu ya kisigino, si chini.

Huo ni ukano unaounganisha shavu la mguu na kisigino, na ndio mnene kuliko wote mwilini. Tiba yake pia ni kuupa kazi. Kama panapouma ni sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, simama ukingoni mwa ngazi, panda kwa miguu yote miwili, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Ndivyo madaktari wa Sweden walivyoanza kuwafundisha wagonjwa wao mwaka 1998. Kama panapouma ni juu ya mfupa wenyewe, fanya kwenye sakafu bapa bila kushuka chini zaidi, kwani kule chini ukano unabanwa na mfupa.

Jambo moja ninaloomba ulikumbuke: je, umemeza siprofloksasini, ile antibiotiki, hivi karibuni? Watu huinunua dukani kwa kila homa na kila tumbo. Dawa hii na ndugu zake zinaweza kuumiza kano, hasa kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi. Ukano ukianza kuuma ukiwa kwenye dozi, mwone daktari mara moja abadilishe dawa. Na ukisikia mlio kama umepigwa teke kwa nyuma, ukageuka hukuona mtu, ukashindwa kusimama kwa vidole, huo umekatika. Nenda hospitali leo, kwani kila siku inayopita inaifanya tiba kuwa ngumu.

Mama yangu ana kisukari na visigino vyake vina magaga yanayotoa damu.

Kwake huyu sheria zinabadilika. Kisukari cha muda mrefu huondoa hisia miguuni, hivyo barafu na maji ya moto vyote ni hatari. Anaweza kuungua bila kujua. Asitembee pekupeku hata uani. Magaga yasikatwe kwa wembe. Mpake mafuta mgando kisiginoni kila usiku na umvalishe soksi, lakini usipake katikati ya vidole, maana unyevu wa hapo huleta fangasi. Kila jioni mtazame nyayo kwa taa, au aweke kioo sakafuni ajitazame mwenyewe. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mchele, kionwe na daktari. Na kisigino chake kikianza kuwa chekundu, cha moto na kuvimba bila maumivu, hiyo ndiyo inayonitisha zaidi.

Ni lini niwahi hospitali bila kujaribu haya ya nyumbani?

Umeanguka kutoka juu, kwenye mwembe au mnazi kwa mfano, ukatua kwa kisigino na huwezi kukanyaga. Umechomwa na msumari na hukumbuki chanjo ya pepopunda. Kuna homa, usaha au wekundu unaosambaa. Maumivu yanakuamsha usiku ukiwa umelala tu, au unapungua uzito bila sababu. Ganzi haiondoki. Na hata bila haya, kama umefanya mazoezi kwa uaminifu wiki sita na hakuna kilichosogea hata kidogo, njoo tuangalie upya. Huenda tulikosea jina la ugonjwa.

Nikipona niache mazoezi?

La ngazi liendeleze mara mbili kwa wiki. Yule mama wa stendi alirudi kwetu mwezi wa tano, hakuja kwa maumivu, alimleta jirani yake. Nilimwuliza kama bado anafanya. Akacheka, akaniambia anafanya wali ukiwa kwenye palio, kashika nguzo ya kibanda, taulo chini ya vidole, na wateja wa asubuhi wameshazoea kumkuta akipanda na kushuka.